Tyuna ya mafuta kwenye pikipiki ndogo ya safari: ina faida kwa barabara zetu za Dodoma?

Mzunguko_wa_Bahi

Wakuu, habari za jioni. Naleta hoja hii tuijadili kwa vipimo. Wenye pikipiki ndogo za safari hapa kanda ya kati, Himalayan 411, CRF300L, Versys-X 300, G310GS na ndugu zao, wanashawishiwa kuagiza tyuna ya mafuta: kile kiboksi kinachokaa kati ya kontrol boksi (kompyuta ya injini) na injekta, kinachorefusha au kufupisha muda wa injekta kumwaga mafuta. Lile kamili, lenye programu ya kompyuta, huko nje ni dola 300 na zaidi, kabla ya usafiri na ushuru.

Tuchukue Himalayan 411 iwe mfano. HP 24.3 kwenye RPM 6,500, Nm 32, tanki lita 15, gia tano. Kila kitu cha kiwandani. Malalamiko ya wenye nazo ni matatu. Kwanza, inashtuka ukifungua mafuta kidogo ukiwa gia ya pili, kwenye foleni au kwenye mchanga. Pili, ukiachia mafuta kwenye mteremko eksozi inapiga milio kama fataki. Tatu, ikibeba abiria na mabegi inachoka kupanda ukuta wa Bonde la Ufa, pale ukitoka Bahi kwenda Manyoni. Tyuna inatibu lipi kati ya hayo, na bei yake inalipa?

Fundi_wa_Nkuhungu

Mkuu, umefanya vizuri kuyatenganisha, maana watu huyachanganya wakanunua dawa isiyo ya ugonjwa wao. La kwanza inalitibu kwa sehemu. La pili siyo kazi yake. La tatu haitibu.

Nianze na mlima. Dodoma ipo kama mita 1,120 juu ya usawa wa bahari. Presha ya hewa hapa ni kilopaskali 88 hivi, wakati pwani ni 101. Injini isiyo na tabo inavuta hewa kwa presha iliyopo, kwa hiyo pikipiki ya HP 24.3 pale Dar, huku inabaki na kama 21 na nusu. Kilichopungua ni hewa, mafuta hayana kosa. Sensa ya presha imeshaitaarifu kontrol boksi, nayo imeshapunguza mafuta yalingane na hewa. Ukiyaongeza kwa lazima, hayapati oksijeni ya kuyachoma. Yanatoka masizi, plagi inakuwa nyeusi, na mengine yanapita ukutani mwa silinda hadi kwenye oili.

Sasa uwiano. Petroli inaungua kikamilifu kwenye gramu 14.7 za hewa kwa gramu 1 ya mafuta. Nguvu ya juu kabisa inapatikana ukiwa kati ya 12.5 na 13. Kutoka 14.7 kwenda 13 unapata kama asilimia 3 au 4 ya nguvu ya kuvuta, basi. Na ukifungua mafuta yote, kontrol boksi haiisikilizi tena sensa ya oksijeni iliyo kwenye eksozi. Inasoma jedwali lake la ndani, ambalo kwa eneo hilo limeshawekwa upande wa mafuta mengi. Maana yake sehemu kubwa ya hizo asilimia 3 unayo tayari. Unayemlipa dola 300 anakuuzia kilichobaki.

Sindano_Kizota

Naongeza kwa upande wa umeme, maana hapa ndipo pesa nyingi zinapotea.

Sensa ya oksijeni ya kiwandani inajua maneno mawili tu: "mengi" na "kidogo". Volti ikiwa juu ya 0.45 mafuta ni mengi, ikiwa chini ya hapo ni kidogo. Ukitembea mwendo wa kutulia, kontrol boksi inaisikiliza muda wote na kusahihisha ili ibaki 14.7. Sasa wewe umechomeka kiboksi kinachoongeza asilimia 6. Sensa inasema "mengi", kontrol boksi inapunguza asilimia 6. Baada ya dakika chache umerudi ulikotoka, ila sasa una soketi nne zaidi za kuingia vumbi. Kuna kontrol boksi ambazo masahihisho hayo zinayahifadhi na kuyatumia hata kwenye kufungua mafuta yote. Hapo, kama kiboksi hakiongezi kiasi kilekile kwenye ufunguzi huo, kinakuletea upungufu mahali ambapo injini inahitaji mafuta zaidi.

Kwa hiyo swali la kwanza kumuuliza muuzaji ni hili: sensa ya oksijeni inafanywaje? Maboksi kama Power Commander ya Dynojet, kwa modeli zinazohitaji, huja na kifaa kidogo cha kuchomeka mahali pa sensa ili kontrol boksi itulie kwenye jedwali lake. Kama muuzaji hana jibu, usinunue. Na kuchomoa soketi ya sensa ukaiacha inaning'inia siyo njia. Taa ya injini inawaka, masahihisho yanasimama, na ikitokea hitilafu ya kweli baadaye hutaiona, kwa sababu taa imeshawaka siku zote.

Kondoa_Kolo

Dada Sindano, nakubali hayo ya sensa. Ila wakuu, hizi pikipiki zinatoka kiwandani na mafuta kidogo sababu ya sheria za moshi za Ulaya na India. Ndiyo maana zinachemka kwenye mchanga. Ukiongeza mafuta injini inapoa. Hilo halina faida kwa joto la Oktoba na Novemba huku kwetu?

Fundi_wa_Nkuhungu

Kaka, kwamba mwendo wa kutulia umewekwa 14.7 kwa ajili ya moshi, hilo ni kweli, na kwa sababu kichujio cha moshi ndani ya eksozi kinafanya kazi vizuri hapo tu. Lakini 14.7 kwenye mzigo mdogo haiui injini. Kinachoua ni upungufu wa mafuta kwenye mzigo mkubwa: gia ya tatu, mafuta yote wazi, mlima. Na upungufu huo kwenye pikipiki ya kiwandani karibu siku zote una chanzo unachoweza kukikuta kwa mkono.

Presha ya pampu: nyingi za aina hii zinafanya kazi kwenye baa 3 hivi. Funga geji yenye njia tatu kwenye mpira wa mafuta, washa, piga resi. Sindano ya geji ikishuka unapopiga resi, chujio la ndani ya tanki limeziba. Mafuta ya madumu ya vijijini yana uchafu na maji, na chujio hilo halionekani mpaka utoe pampu. Tyuna juu ya pampu iliyoziba inaficha ugonjwa miezi miwili, kisha pistoni inashika.

Valvu: nafasi zake zikibana, hasa za kutoa moshi, silensa (injini ikinguruma bila kufungua mafuta) inayumba na injini inapata moto. Pima injini ikiwa baridi kabisa kwa filla geji (vibamba vyembamba vya kupimia nafasi), kwa namba za kitabu cha modeli yako. Mchangani, ukiwa mwendo mdogo, kinachopoza ni oili na feni au mapezi. Oili ikipungua, au mapezi yakijaa tope kavu, joto linapanda hata uwe na tyuna ya aina gani.

Kuhusu milio ya eksozi: ukiachia mafuta, kontrol boksi inakata injekta. Mabaki ya mafuta yanafika kwenye eksozi, yakikuta hewa safi yanalipuka. Hewa hiyo inaingia kwa njia mbili. Moja ni valvu ya hewa ya pili, ambayo pikipiki nyingi za sasa zinayo, inapeleka hewa safi karibu na mlango wa kutolea moshi ili kuunguza mabaki. Hiyo ni tabia ya kiwandani, haina madhara. Ya pili ni gasketi ya eksozi iliyovuja, na hii ndiyo mbaya, kwa sababu hewa inayoingia kabla ya sensa inaidanganya. Sensa inaona oksijeni nyingi, inasema mafuta ni kidogo, kontrol boksi inaongeza. Unakunywa mafuta na hujui kwa nini.

Kupima: injini ya baridi, iwashe silensa, ziba tundu la nyuma la eksozi kwa kitambaa kilicholowa kwa sekunde chache, mwingine apake maji ya sabuni kwenye maungio. Povu likitokea badilisha gasketi. Hiyo ni kazi ya nusu saa.

Mpwapwa_Mbande

Kwa tatizo la mlima kuna dawa ya bei ndogo sana ukilinganisha na boksi: sproketi ya mbele.

Himalayan 411 inakuja na meno 15 mbele na 38 nyuma. Weka 14 mbele. 15 kugawa kwa 14 ni 1.07, yaani umeongeza asilimia 7 ya nguvu ya kuvuta kwenye tairi la nyuma, kila gia, kila RPM. CRF300L ina 14 na 40. Ukiweka 13 unapata karibu asilimia 8. Hakuna tyuna itakayokupa hiyo kwenye injini ya kiwandani.

Gharama yake ni resi. Mwendo uleule uliokuwa ukienda RPM 5,000 sasa utakuwa 5,360. Kwa barabara ya Dodoma kwenda Iringa kupitia Mtera, kuna sehemu ndefu zilizonyooka, utaisikia. Kwa mwenye kazi ya Mpwapwa, Kongwa na njia za vijijini, haina ubaya wowote.

Tahadhari ni mbili. Sproketi ndogo inashusha cheni karibu na mpira wa mkono wa nyuma unaoshika tairi. Kagua mpira huo baada ya km 200, na set mkazo wa cheni upya kwa sababu italegea ukishapunguza jino. Na usifunge sproketi mpya kwenye cheni iliyokwisha. Vuta cheni kwa nyuma pale katikati ya sproketi kubwa. Ukiona nusu ya jino liko wazi, badilisha cheni na sproketi zote mbili kwa pamoja.

Fundi_wa_Nkuhungu

Na tukiwa hapo kwenye cheni: kule kushtuka kwa gia ya pili, kabla hujasema ni mafuta, angalia cheni iliyolegea na waya wa akselereta. Uhuru wa waya kwenye mshiko, zungusha taratibu kabla haujaanza kuvuta, uwe mm 2 hadi 6. Ukiwa mm 10 kila ufunguaji ni kibao. Cheni na waya vikiwa sawa, mshtuko unaobaki ndio wa kontrol boksi kurudisha injekta baada ya kuikata, na hapo ndipo tyuna nzuri inasaidia kweli: asilimia 3 hadi 5 za ziada kwenye ufunguzi wa akselereta wa asilimia 2 hadi 15, RPM 2,000 hadi 4,500.

Ihumwa_Stesheni

Wakuu, mimi nauliza kuhusu ile njia ya rezista (kipingamizi cha umeme). Kuna watu wanaunganisha rezista ya shilingi mia chache kwenye sensa ya joto la hewa, kontrol boksi inadhani kuna baridi inaongeza mafuta. Si ni kitu kilekile wanachouza kwa dola 150?

Sindano_Kizota

Wazo la msingi ni moja, matokeo siyo. Fuatilia hesabu.

Sensa ya joto la hewa upinzani wake unapanda hewa ikipoa. Chukua sensa yenye kilo-ohm 2.2 kwenye nyuzi 25. Kwenye nyuzi 50 inashuka hadi kama 0.9. Sasa ongeza rezista ya kilo-ohm 1 kwa mfululizo. Kwenye nyuzi 25 kontrol boksi inasoma 3.2, inadhani ni nyuzi 16 hivi: umeshusha nyuzi 9, mafuta yameongezeka kama asilimia 3. Kwenye nyuzi 50 inasoma 1.9, inadhani ni nyuzi 29: umeshusha nyuzi 21, mafuta yameongezeka asilimia 7.

Unaona kasoro? Asubuhi ya Julai, kukiwa baridi na injini inahitaji msaada, rezista inaongeza kidogo. Mchana wa Novemba, ukiwa umesimama Kibaigwa na eaklina (chujio la hewa) imepata moto wa injini, inaongeza sana. Ni kinyume cha unachotaka. Kifaa kama BoosterPlug kina sensa yake kinachopima joto la nje na kushusha usomaji kwa kiasi kinachokaribiana, kama nyuzi 20, ukiwa popote. Ndiyo tofauti ya bei. Bado lakini hakikwepi sensa ya oksijeni: kwenye mwendo wa kutulia masahihisho yatakifuta. Faida yake inabaki kwenye kuwasha kukiwa baridi na kufungua mafuta ghafla.

Mzunguko_wa_Bahi

Nashukuru sana, dada. Sasa tuseme mtu ameshabadilisha: eksozi nyepesi isiyo na kichujio cha moshi, na eaklina yenye njia kubwa. Hapo je?

Fundi_wa_Nkuhungu

Hapo tyuna inaacha kuwa pambo. Jedwali la kiwandani limepimwa kwa eksozi ile na eaklina ile. Ukipitisha hewa zaidi kwenye ufunguzi mkubwa, ambako sensa haisikilizwi, uwiano unaweza kupanda kutoka 13 hadi 14 na kuendelea, kwenye mlima, na mzigo. Hiyo ndiyo sehemu ya hatari niliyomwambia kaka wa Kolo.

Ila ramani (jedwali la mafuta la boksi) ya kupakua mtandaoni usiiamini. Imetengenezwa kwa eksozi nyingine, mafuta mengine, mwinuko mwingine. Pima. Unahitaji sensa pana ya oksijeni, inayosoma uwiano wenyewe, Bosch LSU 4.9, na kisomaji chake. Chomelea nati ya M18×1.5 kwenye bomba kabla ya kichujio kama bado kipo, sensa ikiinama angalau nyuzi 10 juu ya mlalo ili maji ya moshi yasikae ndani yake. Usiiache kwenye bomba injini ikiwaka bila umeme wa sensa; masizi yanaiua. Ukimaliza kupima itoe, uzibe kwa bolti yake.

Boksi lianze na ramani ya sifuri. Chukua barabara yenye gari chache, mfano ukishapita Veyula kuelekea Kondoa, alfajiri, bila abiria. Kisomaji kirekodi chenyewe, wewe macho barabarani. Gia ya tatu, shika ufunguzi mmoja, acha RPM ipande kutoka 2,500 hadi 6,000. Rudia kwa asilimia 10, 20, 40, 60, 80 na 100. Simama pembeni ndipo usome.

Malengo kwa injini ya aina hii: hadi asilimia 20 ya ufunguzi acha 14 hadi 14.5, katikati 13.5, ukifungua yote 12.8 hadi 13. Hesabu ni kugawa tu. Umesoma 14.3, unataka 13.0: 14.3 kugawa 13.0 ni 1.10, ongeza asilimia 10 kwenye chumba hicho cha jedwali. Lakini weka 5 kwanza, pima tena. Chumba kimoja kikihitaji asilimia 20 wakati jirani zake wanataka 4, usiongeze. Kuna kitu kibovu: uvujaji, soketi, pampu.

Maboksi yanayogusa na moto wa plagi, kama PowerTronic ya India, upande wa moto uache sifuri. Kusogeza moto mbele (plagi iwashe mapema) bila mashine ya kupimia nguvu ni kuitoboa pistoni kwa kubahatisha.

Sindano_Kizota

Kwenye ufungaji, kosa namba moja ni waya wa ethi. Usiufunge kwenye bolti ya fremu yenye rangi, upeleke moja kwa moja kwenye hasi ya betri. Injini ikiwaka, pima volti kati ya ethi ya boksi na hasi ya betri: isizidi 0.1. Ikizidi, boksi linachanganyikiwa na pikipiki inamisi au inakata moto ukipiga tuta.

Soketi zote zipate grisi ya silikoni, maana vumbi la Dodoma ni laini kama unga. Boksi likae chini ya siti juu ya sponji, mbali na betri. Waya zisipite shingoni mwa usukani. Na chonde, usikate waya za kiwandani. Tumia soketi za kuchomeka pande zote mbili, ili boksi likifa ukiwa Mtera ulichomoe, uunganishe soketi za kiwandani, uendelee na safari.

Kondoa_Kolo

Hapo kwenye eaklina yenye njia kubwa, nina la kusema kwa msisitizo. Kwa vumbi la barabara zetu za ndani kuanzia Juni hadi mvua zinapoanza, eaklina za wazi za kuchomeka kwenye throto bodi (mlango wa hewa wa injini) zisifungwe kabisa. Vumbi lina mchanga wa silika, linakwangua ringi na silinda, na tyuna inavyozidi kurekebishwa ndivyo mtu anavyoona pikipiki "inavuta" huku inakula oili. Baki na boksi la hewa la kiwandani, weka sponji iliyolowekwa oili, ioshe kila km 1,000 za vumbi, na paka grisi kwenye ukingo inapokalia. Ukikuta vumbi upande wa ndani wa sponji, ukingo haukukaa sawa.

Mpwapwa_Mbande

Na mafuta yatakayoliwa? Watu hawalisemi.

Fundi_wa_Nkuhungu

Ukisogeza mwendo wa kutulia kutoka 14.7 hadi 13.2, kwa hewa ileile unamwaga asilimia 11 zaidi. Pikipiki iliyokuwa inakwenda km 30 kwa lita inakuwa 27 hivi. Tanki la lita 15 limeshuka kutoka km 450 hadi 405. Ndiyo maana nimesema chini ya asilimia 20 ya ufunguzi uache 14 na kuendelea.

Kupima ulaji: simamisha pikipiki wima kwenye stendi kubwa, jaza hadi alama moja shingoni mwa tanki, tembea angalau km 200 njia ileile, jaza hadi alama ileile. Gawa. Fanya mara tatu kabla ya boksi, mara tatu baada.

Ihumwa_Stesheni

Swali la mwisho, mzee. Wenye XTZ 125 za kabureta wanafaidika na nini katika haya?

Fundi_wa_Nkuhungu

Kabureta haina sensa ya kuiambia kuwa hewa imepungua. Iliyosetiwa pwani ikifika Dodoma inakuwa na mafuta mengi kupita kiasi kwa karibu asilimia 5. Kwa hiyo huko unapunguza: jeti kuu (tundu la kupitishia mafuta) ishuke saizi moja, kisha sindano ya kabureta ishuke kwa kuhamishia klipu mkato mmoja juu kama kwenye ufunguzi wa katikati mafuta bado ni mengi. Safisha plagi, tembea km 20 ukifungua vizuri, zima injini ukiwa bado kwenye mzigo, klachi imeshikwa, kisha toa plagi uangalie. Rangi ya kahawia hafifu, umemaliza. Ikiwa nyeusi kavu, shusha jeti saizi nyingine moja.